Kupiga picha za wanyama Saadani: soma jua, soma na maji

Anayekwenda Saadani na picha za Serengeti kichwani hurudi amenuna. Hakuna misafara ya nyumbu hapa, na simba hakai pembeni ya barabara kusubiri magari. Majani ni marefu, vichaka vimefunga, na mnyama mara nyingi hukuonyesha mgongo kabla ya uso. Hata hivyo, hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara ambayo nyika yake inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Ndani ya mwendo mfupi una twiga, viboko, mikoko, ndege wa tope na mashua za wavuvi. Picha nzuri za Saadani hutoka hapo, pale bara na bahari vinapokutana, na ili kuzipata unahitaji kujua jua liko wapi na maji yako wapi. Wengi hulijua la kwanza tu.

Saa ya jua na saa ya maji

Tuko takribani nyuzi sita kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupanda wima. Huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, likitangulia au kuchelewa kidogo kufuatana na mwezi, na mwanga wake laini wa dhahabu haudumu zaidi ya saa moja na nusu. Ikigonga saa tatu tayari mwanga ni mkali, vivuli ni vyeusi, na uso wa nyati unageuka shimo. Jioni mwanga mzuri huanza kama saa kumi na nusu na kwisha saa kumi na mbili na nusu hivi. Katikati ya mchana pumzika, chaji betri, safisha lenzi.

Pwani hii inatazama mashariki. Asubuhi ukisimama ufukweni na kuelekeza kamera baharini, jua liko mbele yako: utapata vivuli vya mashua na ndege, hutapata manyoya wala rangi. Ukitaka rangi asubuhi, ipe bahari mgongo na upige kuelekea nyikani. Jioni mambo yanageuka: jua liko nyuma yako na bahari mbele yako ina rangi yake halisi. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua uanze siku wapi na umalizie wapi.

Sasa maji. Kwenye pwani ya Bagamoyo na Tanga, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku yanachelewa kwa takribani dakika 50. Baada ya wiki moja hivi, siku za maji mafu, mpango umegeuka: maji yanajaa karibu na saa nne asubuhi na kupwa karibu na saa kumi alasiri, tena bila nguvu. Ukiwa na jedwali la maji au programu ya simu, ithibitishe. Usiponayo, muulize mvuvi yeyote, hahitaji jedwali.

Hili linamhusu vipi mpiga picha? Vitwitwi, yangeyange, kwarara na ndege wengine wa tope hula maji yakiwa yamepwa, wametawanyika mbali kwenye tope usikoweza kufika. Maji yakijaa wanakosa pa kusimama, wanarudi nchi kavu na kukusanyika pamoja, mara nyingi kwenye mashamba ya chumvi. Siku za bamvua hilo hutokea saa kumi alasiri, na mwanga unaanza kulainika saa hiyo hiyo. Kama una uhuru wa kuchagua tarehe, chagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo: maji yatakuwa yanajaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, ndege wamejaa, na jua liko nyuma yako.

Siku za maji mafu usilazimishe jioni ya ndege. Wapige asubuhi, kuanzia kuchomoza kwa jua hadi saa tatu, wakati maji yanapanda taratibu na kuwasogeza kuelekea kwako. Jioni nenda bara ukatafute twiga na kongoni.

Msimu na njia

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, yaache. Barabara za ndani zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa hushika matairi kama gundi, na gari la magurudumu manne nalo huishia kulala hapo. Agosti hadi Oktoba majani yamepungua na wanyama wanafuata maji, hivyo ni miezi mizuri kwa tembo, nyati, kongoni, kuro na palahala. Kwa ndege chagua kipindi cha kaskazi, hasa Januari na Februari, ambapo wageni kutoka Ulaya na Asia bado wako huku. Juni kunapendeza kwa kijani lakini tohe mzima anapotea ndani ya majani, na picha zako zitakuwa za masikio.

Kutoka Bagamoyo kuna njia mbili. Ya kwanza inapita Makurunge na kuvuka Mto Wami upande wa kusini wa hifadhi. Ya pili ni ndefu: lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, kisha kaskazini hadi Mandera na kukata kulia kuelekea pwani, kama kilomita 60 nyingine. Wa Tanga hushuka kupitia Pangani na Mkwaja. Barabara ya pwani imekuwa ikijengwa kwa lami vipande kwa vipande, kwa hiyo piga simu hifadhini siku moja kabla na uulize hali ya kipande chako, hasa kama mvua imenyesha. Ukienda na Noah au gari jingine la chini, kiangazi utafika kijijini Saadani, lakini njia za ndani za kutazamia wanyama zitakushinda. Kodi gari refu angalau kwa siku ya kuzunguka.

Getini hawapokei fedha taslimu. Malipo hufanyika kwa kadi, au kwa benki na simu kupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mwafrika Mashariki ni kidogo sana kuliko cha mgeni na bila kitambulisho huwezi kudai kiwango hicho. Kama picha zako ni za biashara, tangazo au filamu, unahitaji kibali tofauti. Usijifanye mtalii ukiwa na taa na vipaza sauti garini. Droni iache nyumbani. Bila vibali vya mamlaka ya anga na vya hifadhi itachukuliwa getini, na hata yenye vibali inawakimbiza tembo.

Vifaa

Lenzi ya 70–300 mm inatosha kwa kuanzia. Ya 100–400 au 150–600 ni bora kwa ndege. Kwenye kamera yenye sensa ndogo, APS-C, lenzi ya 300 inaona kama ya 450, na kwa safari hii hiyo ni faida. Beba pia lenzi pana, 18–55 au 24–70, maana picha ya twiga mdogo chini ya anga kubwa, na mstari wa bahari nyuma yake, haipigwi kwa lenzi ndefu. Wengi husahau hii na kurudi na nyuso tupu zisizoonyesha ni wapi.

Tripodi ndani ya gari ni mzigo. Shona mfuko wa kuegemeza lenzi: kitambaa cha jinzi au turubai jepesi, sentimita 30 kwa 20, wenye zipu upande mmoja. Safiri nao mtupu, ukifika sokoni Bagamoyo au Pangani ujaze mchele au maharage. Jaza theluthi mbili tu. Ukiujaza wote unakuwa mgumu kama jiwe na lenzi inateleza juu yake. Ukiacha nafasi, lenzi inajichimbia shimo na kutulia. Uweke kwenye ukingo wa dirisha kioo kikiwa kimeshushwa. Safari ikiisha, maharage yanapikwa.

Vingine: betri mbili au tatu, kadi mbili za kumbukumbu za GB 64 badala ya moja ya 128 (moja ikifa, hujapoteza vyote), chaja ya garini, pampu ndogo ya mkono ya kupuliza vumbi, vitambaa vitatu laini, na chupa ya maji baridi ya kunywa ambayo pia utaloweshea kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee rambo kufunika kamera. Tumia kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, au taulo zito na koti la mvua.

Nguo ziwe za khaki au kijani kilichofifia. Si kwa ajili ya wanyama tu. Mbung'o wapo, na wanavutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Tena hufuata kitu kinachotembea, ndiyo maana huingia garini mkiwa mwendoni. Funga vioo mnapopita vichakani, fungua mkisimama.

Kuipanga kamera kabla ya mnyama kutokea

Mnyama akitokea una sekunde chache. Anayeanza kutafuta vitufe wakati huo amekwisha mpoteza. Kwa hiyo toka kambini kamera ikiwa tayari hivi:

Faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, ukijua kuzifungua. Kama hujui, JPEG kubwa kabisa. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili za RAW za MB 25 hadi 30, hivyo GB 64 zinabeba kama picha 2,000. Tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3. Kasi ya shata 1/1000. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iachie kamera yenyewe, lakini iwekee ukomo wa 3200, au 6400 kama kamera yako ni ya miaka ya karibuni. Fokasi ya kufuatilia, ambayo kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C na kwenye Canon imeandikwa Servo. Kupiga kwa mfululizo kuwe wazi.

1/1000 inatoka wapi? Mkono wa mtu unatikisa picha kama kasi ni ndogo kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo lenzi ya 400 inataka angalau 1/500 kwa mnyama aliyetulia. Anayetembea anahitaji 1/1000. Ndege anayeruka anataka 1/2000, na mdiria akizamia, hata 1/3200 si nyingi. Chembechembe za ISO kubwa zinaweza kupunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa.

Fokasi iweke kwenye jicho. Lenzi ya 300 mm kwa f/5.6, mnyama akiwa mita 10, ina eneo kali lisilofika sentimita 40. Kwa kongoni anayekutazama, pua na masikio haviwezi vyote kuwa kali. Mtazamaji atasamehe masikio, hatasamehe jicho. Ukiwa na f/8, yaani tundu dogo zaidi, na mwanga wa kutosha unapata nafasi zaidi, lakini majani ya nyuma nayo yanaanza kuonekana na kumchafua mnyama.

Kamera haijui nyati ni mweusi. Inadhani kila kitu ni kijivu, hivyo nyati akijaza picha itamng'arisha mpaka aonekane wa kijivu. Tumia kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa, ushuke theluthi mbili ya hatua moja ya mwanga (stop). Yangeyange juu ya maji meusi naye mshushe, la sivyo manyoya yake yanakuwa doa jeupe lisilo na mistari. Lakini kundi la ndege weupe juu ya chumvi nyeupe, uwanja mzima ukiwa mweupe, lipandishe kwa hatua moja, kwa sababu hapo kamera inaogopa mwanga na kuvifanya vyote vya kijivu. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini: mlima ukigonga ukuta wa kulia, umechoma weupe na haurudi.

Ndani ya gari

Dereva ni nusu ya picha. Kabla hamjawasha gari, kubalianeni maneno: "zima" maana yake zima injini palepale, "kidogo mbele" ni mita moja, si kumi, "tulia" ni hakuna kusogea kitini. Injini inayonguruma inatikisa lenzi ndefu hata iwe juu ya mfuko wa maharage, na abiria mmoja akijigeuza nyuma, picha ya mwenzake imeharibika. Dereva mzuri hasimami sambamba na mnyama. Anasimama kabla ya kumfikia, jua likiwa nyuma ya gari, ili mnyama aingie mwenyewe kwenye picha. Mweleze hivyo kwa adabu na mpe sababu. Madereva wengi wamezoea wageni wanaotaka kukaribia tu.

Usipige kutokea kwenye tundu la juu ya paa kama dirisha linatosha. Ukiwa juu, mnyama anakuwa mfupi na nyuma yake kuna majani matupu. Ukiwa chini, usawa wa macho yake, nyuma yake kunakaa mbali na kunafifia vizuri.

Ikipita saa nne utaona tatizo ambalo watu hulisingizia lenzi: picha za mbali zinakuwa laini, kana kwamba zimepigwa kupitia maji. Ni joto linalopanda kutoka ardhini na kupindisha mwanga. Lenzi ya mamilioni haiponyi hilo. Sogea karibu au acha. Na usipige juu ya boneti la gari lililotoka kutembea, kwa kuwa boneti nalo linatoa mawimbi yaleyale, hata asubuhi.

Sheria za hifadhi: hakuna kuacha barabara, hakuna kushuka ila palipoandikwa au ukiwa na askari wa uhifadhi, hakuna kuwapigia wanyama makofi wala honi ili wageuke. Usimwombe dereva akate njia ya tembo. Tembo akitandaza masikio, akatikisa kichwa na kukukabili, hiyo si picha ya kungojea: rudini nyuma taratibu. Hata akitulia, atakuwa amejifunza kuchukia magari, na wa kuadhibiwa ni atakayekuja kesho.

Nyani na tumbili wa kambini hupigika kirahisi. Usiwape chakula, na usiache begi la kamera wazi. Nyani hajali bei ya lenzi.

Mto Wami kwa boti

Safari ya boti huchukua saa mbili hadi tatu. Mto unatoka magharibi kwenda baharini, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako mnapopanda, na jioni liko mgongoni mnaposhuka. Mto unapindapinda, kanuni hii haitoshi kila mahali, lakini inakusaidia kuchagua: asubuhi piga picha wakati wa kwenda, jioni panda haraka na upige wakati wa kurudi na injini ikiwa imepunguzwa.

Karibu na mdomo wa mto bahari inausukuma. Maji yakijaa, kingo za tope zinafunikwa na mamba hawana pa kuotea jua. Yakipwa, tope linafunguka na mamba wanatoka, ila boti haiwezi kuingia kwenye vijito vya mikoko. Nahodha anajua; mwambie mapema kama unataka mamba au ndege wa mikoko, asikuchukulie kama mtalii wa kuzungushwa.

Kaa chini, si kusimama. Lenzi ikiwa juu ya maji kidogo tu, kiboko anakutazama ana kwa ana na mawimbi ya mbele yanafifia kuwa rangi moja. Usiegemeze lenzi kwenye mbao za boti, maana injini inazitikisa. Shika mkononi, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, kasi isishuke chini ya 1/1000. Kiboko akizama, usimfuate kwa kamera. Hesabu muda anaokaa chini, ataibuka karibu na hapo na mara nyingi kwa vipindi vinavyofanana. Picha ya mdomo wazi inatokana na kusubiri, tena si ya kufurahia sana: kupiga miayo kwake mara nyingi ni onyo. Nahodha asimame pasipo kumkatia kiboko njia ya kwenda kwenye maji marefu.

Juu ya miti angalia furukombe. Kabla ya kuruka huinama mbele na mara nyingi hunya. Ukiona hivyo, kidole kiwe tayari kwenye shata. Wapiga picha wa ndege wote wanaijua ishara hii ingawa hawaisemi mbele za watu.

Mashamba ya chumvi

Mashamba yana wenyewe na yana wafanyakazi. Omba ruhusa kabla ya kuingia, na uliza kingo zipi zinapitika, kwa sababu nyingine ni tope lililokauka juu tu. Hapa ndipo flamingo hutua wakiwepo, pamoja na yangeyange na vitwitwi. Usiwaendee moja kwa moja. Tembea kwa mshazari kana kwamba unapita zako, simama, tembea tena. Wakianza kunyoosha shingo wote kwa pamoja, umefika mwisho. Rudi hatua kumi, ukae chini. Kundi lililorushwa mara moja jioni hiyo halirudi, na ndege anayehama anahitaji kila tone la mafuta mwilini mwake kwa safari ya maelfu ya kilomita.

Lala chini ukiweza, mfuko wa maharage mbele yako, lenzi sentimita 20 kutoka ardhini. Kivuli cha ndege kwenye maji ya shamba lililotulia kinatoka kizima kabisa kabla upepo wa jioni haujaanza. Kusi ikivuma kwa nguvu, acha vivuli, piga ndege wakiruka: hupaa wakielekea upepo, hivyo kaa upepo ukiwa mgongoni mwako, watakujia usoni.

Angalia mstari wa bahari. Picha ikiinama nyuzi mbili tu, bahari inaonekana inamwagika. Washa mistari ya kusawazisha kwenye skrini.

Wafanyakazi wa chumvi, wavuvi na akina mama wanaokausha dagaa kijijini si mandhari. Salimia kwanza, omba, na ukikataliwa shukuru uondoke. Ukikubaliwa, watumie picha kwenye simu zao.

Ukiwa na simu tu

Usivute picha kwa vidole. Simu nyingi zikipita uwezo wa lenzi zake zinakata tu kipande na kukikuza, na unaishia na mnyama wa vibokisi. Piga mandhari: twiga akiwa mdogo, mti, anga, bahari. Gusa mnyama kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ifungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Ukiwa na darubini nzuri ya 8×42, lenzi ya simu iliyobanwa sawasawa kwenye jicho lake moja inatoa picha ya furukombe inayokubalika. Inataka mikono miwili na uvumilivu.

Kasa

Kasa hutaga kwenye fukwe za hifadhi, zikiwemo za Madete. Usiende usiku bila mhifadhi. Usitumie fleshi wala tochi nyeupe: jike anayepanda ufukweni akiona mwanga hugeuka kurudi baharini bila kutaga, na vifaranga hufuata mwanga badala ya bahari. Tumia tochi nyekundu yenye nguvu ndogo, ukikaa nyuma ya kasa, baada ya yeye kuanza kutaga. Picha itakuwa ya giza na chembechembe. Iache iwe hivyo.

Chumvi na unyevu

Hapa ndipo kamera za pwani zinapofia. Chumvi ya hewani inanata kwenye vifungo na kula chuma; ukipangusa kwa kitambaa kikavu unaisugua kama msasa. Kila jioni lowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, kamua sana, pangusa mwili wa kamera na lenzi, kisha kausha kwa kingine. Kioo cha mbele kipulize kwanza kwa pampu ndipo ukiguse. Usipulize kwa mdomo, mate yana yake. Miguu ya tripodi iliyoingia kwenye maji ya bahari ifungue yote, isuuze, iache ikauke ikiwa imenyooshwa.

Usibadilishe lenzi ufukweni kukiwa na upepo. Kama ni lazima, funga vioo vya gari, zima feni, geuza kamera mdomo chini.

Ukilala chumba chenye kiyoyozi, kamera inapoa. Ukitoka nayo saa kumi na moja alfajiri kwenye hewa yenye joto na unyevu, kioo kinajaa ukungu na unakosa saa nzima ya mwanga bora. Iweke bafuni au veranda, ndani ya begi lililofungwa, nusu saa hadi saa moja kabla ya kutoka. Ukungu ukishaingia usipanguse mara kwa mara. Acha kamera ipate joto la nje, utaondoka wenyewe. Nyumbani, weka vifaa kwenye kontena lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika. Mchele haufai kwa kazi hii, una vumbi la wanga. Lenzi ikikaa miezi kwenye begi lenye unyevu, kuvu huota katikati ya vioo kama utando wa buibui, na fundi akifanikiwa kuuondoa bado rangi ya kinga ya kioo inaweza kuwa imeliwa.

Kabla ya kulala, nakili kadi kwenye diski mbili, na usifute kadi mpaka uone picha zinafunguka kwenye zote. Futa zilizotikisika siku hiyo hiyo, lakini zile unazositasita ziache wiki mbili. Picha unayoitaka mtandaoni iondolee taarifa za mahali kama ina mnyama anayewindwa. Saadani hili linahusu tembo. Ukiendelea hadi Mkomazi, kule mpakani mwa Tanga na Kilimanjaro kwenye hifadhi ya faru, zima GPS ya kamera na ya simu tangu getini.